Feloshipu ya kukaa palepale: wanahesabu mahudhurio kweli?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri chuo kimoja hapa Tanzania, nimepata feloshipu (nafasi ya utafiti ya kulipwa) ya miezi kumi pale Wissenschaftskolleg Berlin, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, naanza Septemba. Barua inasema natarajiwa kuishi hukohuko, kuhudhuria kolokiamu (semina ya pamoja) ya kila Jumanne na kula na wenzangu. Nina wanafunzi watatu wa PhD, mtoto wa miaka 7, na mama yangu afya yake sio nzuri, kwahiyo nilipanga niwe nakuja na kurudi. Pia nafunga Ramadhani. Je wanahesabu mahudhurio kweli au ni maneno ya kwenye karatasi tu? Na mtu mkimya kama mimi atapona?"

Marahaba mwalimu mwenzangu, na hongera sana, maana hiyo nafasi sio ya kuokota. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali hili nimeshaulizwa na watu kama saba hivi na karibu wote waliuliza wakiwa wameshasaini na tiketi wameshakata, wewe angalau umewahi.

Jibu fupi ni kwamba hakuna mtu anayezunguka na daftari akiweka vema, ila wanajua. Wanajua vilevile mtaa unavyojua msibani. Kwetu msibani daftari lipo la rambirambi tu, la mahudhurio halipo, lakini subiri arobaini iishe uone kama mashangazi hawatakutajia mmoja mmoja nani alikuja akakaa kwenye mkeka na nani alituma tu M-Pesa. Basi ndo hivohivo. Hiyo Jumanne ukiingia kwa Zoom wakati kitanda chako kiko palepale Berlin, ni sawa na ile M-Pesa, itapokelewa na utashukuriwa lakini wewe hukuja.

Na hapo kwenye neno "unatarajiwa" niseme kitu. Sisi tumezoea kadi za "mnakaribishwa wote" ambapo ukija sawa, usipokuja hakuna kesi. Wenzetu wakiandika "unatarajiwa" wameshamaliza, hilo ni lazima limevaa suti. Usilisome kama mwaliko.

Sasa kwanini wanasisitiza hivo. Kuna feloshipu za aina mbili na watu wengi kwetu wanazichanganya. Ipo ile wanakupa hela ukafanye utafiti popote, Kigoma, Kigali, jikoni kwako, mwisho unaleta ripoti. Halafu ipo hii ya kwako ya kukaa palepale. Hii hawanunui kitabu chako, kitabu ungekiandika hata kwenu umeme ukiwepo na mkuu wa idara akikuacha, hapa wanalipia mwili wako uwepo kwenye jengo pamoja na miili mingine ambayo isingekutana kamwe, mtu wa chungu na sisimizi, mtu wa sheria za Kirumi, mtunzi wa muziki, na wewe. Wissenschaftskolleg ilianzishwa 1981 kwa fikra hiyohiyo, wako pale Grunewald, sehemu tulivu ya miti na majumba makubwa ya zamani, mafelo (wenye feloshipu) kama 40 kwa mwaka kuanzia katikati ya Septemba mpaka katikati ya Julai, na kila kitu kimepangwa ili usipate sababu ya kutokuwepo. Mfano maktaba yao haijajazwa vitabu vyao wenyewe, kazi yake kubwa ni kukutafutia kitabu kwenye maktaba nyingine za Berlin, unaagiza na wao ndo wanaenda kukibeba wanakuletea. Fikiria mtu anakufanyia hivo halafu wewe uko Dar wiki ya tatu unasimamia mtihani.

Na sio wao walioanza. Taasisi ya Princeton kule Marekani ilianzishwa 1930, Einstein aliingia 1933, mpaka leo wana chai ya alasiri saa tisa na watu wanaichukulia kama ibada. Mwaka 1972 kijana mmoja wa hesabu, Hugh Montgomery, alikuwa anapita pale, wakamtambulisha kwa Freeman Dyson mwanafizikia, ni kwenye chai hiyohiyo, wakaulizana unafanya nini siku hizi, Montgomery akamtajia fomula aliyokuwa ameipata kuhusu zeta ya Riemann, mambo ya namba tasa hayo, Dyson akashtuka kwa sababu ile fomula alikuwa anaijua kutoka kwenye fizikia ya viini vya atomu. Watu wa namba na watu wa atomu mpaka leo wanakula kwenye hicho kikombe. Thomas Kuhn naye, yule mwanafalsafa wa sayansi mwenye wazo la paradaimu, yaani mtazamo mkuu ambao wanasayansi wa fani moja wanakubaliana, mwaka 1958 mpaka 1959 alikaa kwenye kituo cha utafiti cha Stanford, Marekani, kilichofunguliwa 1954, yeye kasoma fizikia, kazungukwa na watu wa sayansi ya jamii, akashangaa jinsi wanavyobishana hata juu ya maswali gani ni halali kuuliza, na mshangao huo ndo ulimsaidia kufika kwenye hilo wazo lake. Hakuliona kwenye faili, alilipata kwa kukaa na watu wanaogombana.

Kwahiyo wakikwambia kula na wenzako usidhani ni ukarimu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la huko ni sahani ya mchana.

Nikwambie langu lilivyonikuta ili usirudie. Feloshipu yangu ya kwanza, mahali ambapo sitapataja, nilikuwa na tabia hiyohiyo unayoipanga wewe. Nilikuja nyumbani harusi ya binamu, nikarudi, wiki nne baadaye nikaondoka tena mambo ya mtihani wa nje wa mwanafunzi wa chuo kingine, nikarudi, halafu konferensi. Kila safari ukiitazama peke yake ina sababu nzuri na kila moja niliomba ruhusa, na ruhusa nilipewa, mama wa ofisini alikuwa anaandika tu "safari njema". Nikajua poa. Mwezi wa saba wa feloshipu ikafika zamu yangu ya kuwasilisha. Nilikuwa nimeandaa slaidi wiki mbili, nimevaa hata koti. Walikuja watu sita, na wawili kati yao walikuwa wafanyakazi wa ofisi ambao nadhani walitumwa. Yule bwana mtafiti wa kuvu ambaye semina yake niliikosa kwa ajili ya harusi nilimwona kupitia dirishani anakunywa kahawa bustanini, ametulia kabisa, wala hajanuna. Hakunifanyia ubaya, alinirudishia nilichompa. Jioni ile nilikula mkate na dagaa za kopo chumbani na nikahesabu, kati ya semina ishirini na kitu nilikuwa nimekosa tisa. Mimi sikuwahi kuhesabu, wao walikuwa wameshahesabu siku nyingi.

Ndo maana nakwambia ukilazimika kuchagua cha kukosa, kosa vyote lakini usikose uwasilishaji wa mwenzako. Hata taasisi ya Radcliffe pale Harvard, Marekani, wanasema wazi kabisa kwamba felo aishi eneo la Boston na ahudhurie mawasilisho ya wenzake. Taasisi ya STIAS pale Stellenbosch, Afrika Kusini, ni hivohivo, kuna semina za mafelo na chakula cha mchana pamoja, na ile programu yao ya Iso Lomso ya watafiti vijana wa Afrika inakuruhusu kugawa muda wako wa ukaazi ndani ya miaka mitatu, hiyo ingekufaa sana wewe mwenye mambo mengi nyumbani ila ndo hivo umeshapata Berlin. (Gurnah wetu wa Zanzibar, yule wa Nobel ya 2021, naye ameshakaa STIAS.)

Tuje kwenye safari zako. Usiseme "nitakuwa nakuja na kurudi", hiyo sentensi ifute hata kichwani. Kaa na kalenda. Miezi kumi ina mapumziko yake ya asili, Krismasi mambo husimama na Pasaka hupoa, hizo ndo safari zako mbili, siku kumi, wiki mbili, basi. Na uziombe sasa hivi kabla ya kusaini, kwa imeili, ukiwa na tarehe kamili. Tofauti ya kuomba kabla na kuomba ukiwa ndani ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kabla ya kusaini wewe ni mtu anayepanga, ukiwa ndani unakuwa mtu anayetoroka, na ni tarehe zilezile. Andika kitu kama hiki: "Nimefurahi kukubali. Kabla sijasaini naomba tukubaliane mambo mawili: nitakuwa Tanzania kuanzia tarehe fulani hadi fulani Desemba, na wiki moja Aprili. Nje ya hapo nitakuwa Berlin. Mama yangu ni mgonjwa, kwahiyo ikitokea dharura nitawaarifu siku hiyohiyo." Mistari minne. Usilie, usieleze historia ya ugonjwa, usiombe radhi mara tano kama tulivyozoea. Wale wanapenda mtu aliyenyooka.

Wanafunzi wa PhD. Hapa ndo wengi wanaumia kwa sababu wanabeba chuo mgongoni wanaenda nacho. Kwanza hakikisha barua ya ruhusa ya mwajiri inasema umeachiliwa kufundisha na kusahihisha, iandikwe, sio mkuu wa idara amekwambia koridoni "nenda tu tutaona", maana mwezi wa pili atabadilishwa na anayekuja hakujui. Kama ni chuo cha umma na kibali cha kusafiri nje anza kukifuatilia leo, sio Agosti. Uliza pia kama Berlin wanaweza kumlipia mwajiri wako mtu wa kushika vipindi vyako, baadhi ya taasisi za aina hii hufanya hivo na hicho kitu kinalainisha mkuu wa idara kuliko heshima yote ya Ujerumani. Halafu wanafunzi watatu wape siku moja ya wiki, asubuhi. Saa tatu asubuhi Berlin wakati wa baridi ni saa tano Dar, kiangazi ni saa nne, kila mmoja dakika arobaini, mpaka saa sita mchana umemaliza unaenda kula. Usiweke mchana hata siku moja. Mimi nilikuwa naweka saa saba mchana eti ndo muda wao mzuri wakitoka kazini mapema, matokeo yake kila nikipita pale kwenye meza za chakula nina simu sikioni natikisa mkono, watu wakanizoea kama mtu wa kutikisa mkono.

Mtoto. Nenda naye kama inawezekana, na mwenza wako pia, pale wana nyumba za familia na wenza wanahesabiwa kama sehemu ya jumuiya, sio mizigo. Ila ujue jambo moja ambalo litakuchekesha, mtoto wako atabanwa mahudhurio kuliko wewe. Ujerumani shule ni lazima kisheria, ana miaka 7 hana hiari, na huwezi kumtoa siku nne kabla ya likizo eti tiketi ya tarehe ile ni rahisi, wazazi hupigwa faini kwa hilo. Kwahiyo safari zako zifuate likizo za shule za Berlin na hapo utakuta zinaangukia vizuri tu na zile za taasisi. Kijerumani kisikutishe, shule za Berlin zimezoea kuwasaidia watoto wageni kujifunza lugha, na kwa umri huo mpaka Machi atakuwa anakusahihisha matamshi mbele ya watu. Na ndani ya wiki mbili za kuhamia mnatakiwa kuandikisha anwani yenu manispaa, hilo taasisi watakusaidia, usilidharau kwa sababu karatasi nyingine nyingi zinaanzia pale.

Ramadhani. Miaka hii inaangukia Februari na Machi, na Berlin kipindi hicho jua linazama karibu na saa kumi na moja na nusu jioni na kusogea kidogokidogo, yaani mwanzoni saumu ni nyepesi kuliko ya kwetu, baridi tu ndo inakuongezea njaa. Tatizo sio saumu, ni meza. Watu wengi tunafanya kosa la kupotea mwezi mzima, hatuendi kwenye chakula kwa sababu hatuli, na tukirudi Shawwal tumekuwa wageni upya. Mimi mara ya pili nilifanya hivi: Rajabu inapoanza nilimfuata mpishi mwenyewe, sio ofisi, nikamwambia kuna mwezi unakuja sitakula mchana. Akaniuliza maswali mawili tu, hata maji? na jioni saa ngapi? Kuanzia siku ya kwanza nilikuwa nafika mwisho wa chakula, wakati wa kahawa, nakaa dakika ishirini bila kitu mbele yangu, napiga stori naondoka. Na nikiondoka nakuta sahani yangu imefunikwa karatasi ya alumini, juu yake kaandika kwa kalamu saa ya magharibi ya siku ile. Kila siku, na kila siku ameiongeza dakika mbili, sijui alikuwa anaitoa wapi ile ratiba. Niliwahi kukosea kufungua siku moja kwa sababu simu ilikuwa na saa ya Dar, sahani ndo iliniambia ukweli.

Huko kwako Alhamisi ndo kuna chakula cha jioni cha pamoja, kwahiyo Alhamisi nenda ufuturu palepale, tembea na tende zako mfukoni na gawa. Mvinyo utakuwepo, hakuna atakayekulazimisha, mwambie tu aliyekaa jirani kwamba wewe unakunywa maji na mada iishe, usitoe hotuba. Nguruwe na mambo ya halali waandikie kabla hujafika, jikoni huwa wanajaza fomu za wanaokula mboga tu, wenye aleji, nani na nani, wewe ni mstari mmoja zaidi.

Nichomekee kitu kwa wanaosoma hapa wanaoelekea Marekani, maana huko kutokuwepo sio suala la heshima peke yake. Ukiwa na viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana wasomi, ukihama nyumba unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 10, ukialikwa chuo kingine kutoa mhadhara wa kulipwa lazima upate kibali cha maandishi kwanza kutoka kwa taasisi inayodhamini viza yako, na kama umeingia kama mtafiti au profesa ukimaliza programu unazuiwa kurudi kwa kundi hilohilo miezi 24. Nimeona mtu amekubali mhadhara wa dola mia tatu akatumia mwezi mzima kuelezea ofisi. Haya tuendelee.

Ukimya. Hili umeliuliza mwisho kama vile dogo ila naona ndo linakusumbua. Kwanza sio lazima uwe mchangamfu, hawajakuita uwe MC. Pale kila mtu anaogopa, yule profesa mwenye tuzo naye anaogopa kwa sababu meza nzima hakuna anayejua fani yake, na Kiingereza cha mezani kwa wengi ni lugha ya tatu kama ilivyo kwako. Kaa meza tofauti kila siku, usianzishe kundi la Waafrika watatu pembeni hata kama mnacheka vizuri, hilo kundi mlifanye Jumamosi. Kwenye kolokiamu uliza swali moja, moja tu, ndani ya wiki tatu za kwanza, kwa sababu kadiri unavyokaa kimya ndo kimya kinavyozidi kuwa kizito mpaka Januari ukifungua mdomo watu wanageuka wote kukutazama. Swali lisiwe la kisomi, mwulize hivi wewe asubuhi ukifika unaanza kufanya nini hasa, unashika nini, unaangalia nini. Hakuna mtafiti asiyependa kuulizwa hivo.

Na ujiandae kwa Novemba na Desemba. Kuna siku jua linazama hata saa kumi jioni haijafika, unatoka maktaba giza, hakuna muadhini, hakuna mtu barabarani, na hapo ndo ile sheria ya kula pamoja unaanza kuiona kwa jicho lingine. Mimi kipindi kile kulikuwa na wiki ambazo sikuongea na binadamu isipokuwa pale mezani.

Mama. Nakuombea kwa Mungu ampe nafuu. Ikitokea la kutokea, nenda. Usiombe, arifu, panda ndege, haijawahi kuwepo taasisi ya maana iliyomshikia mtu msiba wa mama yake, na wala siku hizo hawatazihesabu na zile nyingine. Ila ndo maana siku zako za kuondoka usizimalize kwenye harusi za mabinamu. Mimi mama yangu alianguka mwezi wa nane wa ile feloshipu ya kwanza, mwezi mmoja tu baada ya ile semina ya watu sita, na nilipokwenda ofisini kusema nasafiri tena ilibidi nisimame mlangoni nijieleze kwa dakika nzima kabla yule mama wa ofisini hajainua macho kutoka kwenye kompyuta, alidhani ni konferensi.